Pesa za kazi ya mtandaoni zisilale njiani

Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Wapo wanaolipwa kwa dola kwa kazi ya kuandika, kutafsiri au kuchora ambao waliamua kuacha malipo yao PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wakitumaini dola itapanda zaidi. Februari serikali ikanunua tena sehemu kubwa ya hatifungani yake ya kimataifa (hati ya mkopo wa dola), shilingi ikapata nguvu, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 130. Mwenye dola 5,000 alipoteza kama shilingi 150,000 bila kuibiwa na mtu yeyote.

Hasara hiyo ndiyo inayozungumzwa zaidi. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni kuelimisha wateja kuhusu fedha zao, ndiyo inayonitia hofu kidogo kuliko zote. Dola ikishuka huweza kupanda tena. Ninachohofia ni lile salio lenyewe.

Ukifungua akaunti yako ya malipo ukaona dola 5,000, unachokitazama ni deni unaloidai kampuni. Kampuni imepokea pesa za watu wengi, ikaziweka benki kwa jina lake, kisha kwenye daftari lake ikaandika kila mtu anaidai kiasi gani. Mradi kampuni ni nzima na daftari liko sawa, huoni tofauti kati ya akaunti hiyo na ya benki. Tofauti utaiona siku mambo yakiharibika.

Kisa cha Synapse, kampuni ya San Francisco, kinaonyesha hayo vizuri. Synapse haikuwa benki, na wengi walioumia hawakuwahi hata kusikia jina lake. Ilikaa katikati: upande mmoja programu za simu kama Yotta, ambako watu waliweka akiba; upande wa pili benki kama Evolve Bank & Trust. Daftari la nani ana kiasi gani lilikuwa mikononi mwa Synapse. Aprili 2024 ikaenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Mwezi uliofuata zaidi ya watu 100,000 wakajikuta hawawezi kugusa takriban dola milioni 265. Mahakama ilimteua Jelena McWilliams kusimamia, mtu aliyewahi kuongoza FDIC, shirika linalotoa bima ya amana za benki Marekani. Alipolinganisha hesabu alikuta pengo la kati ya dola milioni 65 na 96. Pesa zilizoandikwa kwenye daftari hazikuwapo benki.

Wateja wengi waliamini bima ya FDIC, ambayo ni hadi dola 250,000, ingewakinga. Lakini bima hiyo hulipa benki inapoanguka, na hapa hakuna benki iliyoanguka. Aliyeanguka ni mtu wa kati. Wapo waliokuwa wameweka humo pesa za kuuza nyumba, wakarudishiwa sehemu ndogo mno. Kinachoniuma ni kwamba onyo lilikuwa limeshatolewa: Juni 2023 ofisi ya Marekani ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilisema wazi kwamba pesa zinazokaa kwenye programu za malipo zinaweza kukosa bima.

Hata pale ambapo pesa ziko salama, unaweza kuzikosa wakati unazihitaji. Juni 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilianguka baada ya euro bilioni 1.9 kutoonekana popote. Tarehe 26 mwezi huo msimamizi wa huduma za fedha Uingereza, FCA, akasimamisha shughuli za tawi lake la huko, na kadi za Payoneer, huduma nyingine ya malipo ya mtandaoni, zilizotolewa na tawi hilo zikakataa. Siku chache baadaye zuio likaondolewa na pesa zikapatikana. Lakini siku hizo chache ziliangukia mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba hasubiri.

Sababu ya kawaida ya kukwama, hata hivyo, ni akaunti kuwekewa kizuizi. Masharti ya PayPal yanairuhusu kushikilia salio hadi siku 180. Aliyekulipa naye ana siku 180 za kufungua malalamiko, ndiyo maana kampuni hutaka kubaki na kitu mkononi. Kizuizi huletwa na mambo madogo: malipo makubwa ya ghafla kwenye akaunti iliyokuwa kimya, kuingia ukiwa nchi nyingine, jina la akaunti kutofanana na la kitambulisho. Akaunti ya kukodi au ya jina la binamu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ukiulizwa vitambulisho huna cha kuonyesha. Nawasihi vijana waziache kabisa.

Kisha kuna wizi. Desemba 2022 wahalifu waliingia kwenye akaunti 34,942 za PayPal kwa kutumia manenosiri yaliyovuja kwingine. Usitumie nenosiri moja kila mahali.

Ninachoshauri ni hiki: jiwekee kiwango, labda matumizi ya wiki mbili, na kinachozidi kitoe. Wengi huchelewa kutoa kwa kuogopa makato. Ogopa makato kwa kiasi. Yahesabu kama nauli ya pesa kufika nyumbani, na ulinganishe njia ya M-Pesa na ya benki kabla ya kuchagua. Kabla malipo makubwa hayajaingia, jaribu kutoa kiasi kidogo uone kama njia inapitika. Hifadhi ankara na makubaliano ya kila kazi, maana ndivyo utakavyoulizwa siku ya kizuizi.

Benki nazo huanguka. Tuliona Imperial Bank mwaka 2015 na Chase Bank mwaka 2016. Lakini kwa benki yenye leseni ya Benki Kuu kuna KDIC, shirika la bima ya amana la Kenya, ambalo tangu Julai 2020 humkinga kila mwenye amana hadi shilingi 500,000 katika kila benki. Ukiwa na zaidi ya hapo, gawanya kwenye benki mbili.

Jambo moja zaidi, ambalo watu hawapendi kulizungumzia. Kwenye SACCO uliandika jina la mrithi. Kwenye akaunti ya mtandaoni, mara nyingi hakuna nyumbani anayejua kama ipo. Andika kwenye karatasi majina ya kampuni hizo na barua pepe uliyofungulia kila akaunti, bila manenosiri, uiweke pamoja na hati zako nyingine, na umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini mahali ilipo.