Ulezi wa binafsi: mtoto anayeishi kwa mtu baki katika sheria ya Uingereza

Ulezi wa binafsi, kwa mujibu wa sheria ya Uingereza, ni hali ya mtoto aliye chini ya umri wa miaka 16, au chini ya miaka 18 ikiwa ana ulemavu, kuishi na kulelewa kwa siku 28 au zaidi nyumbani kwa mtu ambaye si mzazi wake, si ndugu yake wa karibu, wala hana mamlaka ya mzazi juu yake, kwa mapatano ambayo halmashauri haikuyapanga. Dhana hii imo katika Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, inayotumika England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao kuhusu jambo hilohilo. Isichanganywe na malezi ya kambo yanayoendeshwa na halmashauri, ambako halmashauri yenyewe humtafuta mlezi, humchunguza, humpa kibali na kumlipa posho.

Hali hii hujitokeza yenyewe, bila fomu ya kuianzisha wala hakimu wa kuiamuru. Tuseme mama anarudi Mombasa kumuuguza mzazi wake, na binti yake wa miaka 12 anabaki Leicester kwa rafiki wa mama huyo ili asikose masomo. Ikiwa safari imepangwa kuchukua miezi mitatu, huo ni ulezi wa binafsi tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna kati yao aliyewahi kusikia habari zake. Sheria haiwangojei watimize siku 28 ndipo iwahusu.

Panapowatatiza zaidi watu wetu ni hesabu ya undugu. Sheria inawataja babu na bibi, kaka na dada, wajomba, baba wakubwa na wadogo, mashangazi, mama wakubwa na wadogo, pamoja na baba au mama wa kambo. Ndugu wa mzazi mmoja wanahesabiwa, na waliounganishwa na ndoa pia, kwa hiyo mke wa mjomba ni ndugu wa karibu bila shaka yoyote. Lakini orodha inakomea hapo. Binamu wa mama, ambaye mtoto amemwita mama mdogo tangu alipojua kusema, ni mtu baki. Shangazi wa baba ni mtu baki. Na mwanamume anayeishi na mama bila ndoa naye ni mtu baki, kiasi kwamba mama akiondoka na kumwachia mtoto kwa miezi miwili, mwanamume huyo anakuwa mlezi wa binafsi. Kwa familia zinazohesabu ukoo kwa upana, mpaka huu unaonekana kuchorwa na mtu asiyeijua nyumba yao, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya watu kutojitambua katika sheria hii.

Chimbuko lake ni la zamani. Katika karne ya 19 walikuwapo wanawake waliopokea vichanga kwa malipo, na baadhi waliwaacha wafe. Mmoja wao, Margaret Waters, alinyongwa London mwaka 1870, na miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuwataka waliopokea watoto wachanga zaidi ya mmoja kwa malipo wajiandikishe. Kuanzia miaka ya 1950 sura ya jambo hilo ilibadilika: wanafunzi kutoka Nigeria na Ghana, waliokuwa wakisoma na kufanya kazi kwa wakati mmoja, waliwaweka watoto wao kwa familia za Wazungu, mara nyingi kupitia matangazo magazetini, wakiwa na nia ya kuwachukua masomo yakiisha.

Tukio lililoirudisha dhana hii mezani ni kifo cha Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Ivory Coast, aliyefariki London tarehe 25 Februari 2000 baada ya kuteswa na shangazi wa baba yake pamoja na mwanamume aliyekuwa akiishi na mwanamke huyo. Wazazi wake walikuwa wamemkabidhi kwa imani kwamba atapata elimu Ulaya. Shangazi wa baba, kama tulivyoona, hayumo katika orodha ya ndugu wa karibu; lakini mwanamke huyo alijitambulisha kuwa mama mzazi, na idara nyingi zilizomwona mtoto hazikuugundua uongo huo. Ripoti ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi rasmi wa kifo hicho, ilitoka mwaka 2003, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2004 ikakaza wajibu wa kuipa halmashauri taarifa ya ulezi wa binafsi. Ilitoa pia uwezo wa kuanzisha daftari la walezi wa binafsi, lakini daftari hilo halikuanzishwa. Kwa hiyo mfumo mzima bado unategemea watu wajitaje wenyewe, nao ni msingi dhaifu, kwa kuwa mwenye nia mbaya ndiye wa mwisho kubisha hodi halmashauri.

Taarifa hutakiwa angalau wiki sita kabla ya mtoto kuhamia, au mara moja ikiwa muda uliobaki ni mfupi zaidi au mtoto ameshafika. Anayewajibika ni mlezi, na mzazi pia. Kunyamaza bila sababu ya msingi ni kosa la jinai. Ofisa wa ustawi wa jamii hufika ndani ya siku saba za kazi, huona mahali mtoto anapolala, na kwa kawaida huzungumza naye faraghani. Baada ya hapo hutembelea angalau kila wiki sita katika mwaka wa kwanza, kisha angalau kila wiki 12.

Mamlaka ya mzazi haihami kamwe kwa mapatano haya. Mzazi ndiye anayebaki na wajibu wa matumizi ya mtoto na maamuzi makubwa, ingawa sheria inamruhusu mlezi kufanya lililo la busara kulinda ustawi wa mtoto, kwa mfano kumkimbiza hospitali. Wengi huogopa kutoa taarifa wakidhani mtoto atachukuliwa. Halmashauri inaweza kweli kumkataza mtu kulea ikiona yeye au nyumba yake haifai, lakini sharti itoe sababu zake kwa maandishi, na mlezi ana siku 14 za kukata rufaa mahakamani.