Kujijengea fimbo ya kuvulia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila anayeanza kujijengea fimbo ya kuvulia hupewa mawaidha kabla hajashika uzi. Huyu atamwambia asithubutu kufunga pete kabla hajaupata uti wa mgongo wa ufito. Yule atamwambia bila mashine anapoteza muda. Wa tatu atamnong'oneza siri ya gundi. Nimeyasikia yote, na mengi niliyafuata kwa miaka kadhaa kwa sababu tu aliyeyasema hakutikisa kope. Kumbe sehemu kubwa unaweza kuyapima mwenyewe kwa utepe wa karatasi na mfuko wa maji.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: wengi wetu hatutengenezi ufito. Ufito ni mwili mtupu wa fimbo, mrija mwembamba wa kaboni au faibaglasi unaochongoka kuelekea nchani, nao hutoka kiwandani. Anayejenga huuchagua, akauvisha mpini na kikalio cha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), akapanga pete za kupitishia mshipi, akazifunga kwa uzi na kuufunika uzi kwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu. Ugomvi wote uko humo.

"Usipofuata uti wa mgongo, fimbo itajipindua"

Hii ndiyo dhana mama. Ufito wa kaboni hutengenezwa kwa kuviringisha kitambaa cha nyuzi kwenye chuma chembamba, na pale kitambaa kinapoanzia na kuishia unene huzidi kidogo. Ukiusimamisha ufito sakafuni, ukaupinda huku ukiuviringisha kwa viganja, utauhisi unaruka na kutulia upande mmoja. Upande huo ndio ulioitwa uti, na tukafundishwa kwamba pete zisipofuatana nao, fimbo itajizungusha samaki akivuta.

Fanya hivi. Tia alama kwenye uti, kisha bandika pete kwa utepe tu, zote juu, kama fimbo ya rili inayokaa juu ya mpini. Pitisha mshipi, ning'iniza mfuko wa maji wa kilo moja, inua. Fimbo itataka kupinduka mkononi, pete zitazame chini. Bandua, zungusha ufito robo duara, bandika pete juu tena. Inapinduka. Robo nyingine, inapinduka. Mwisho weka pete zote chini ya fimbo na uache uti uwe popote unapotaka: imetulia kimya.

Anayepindua ni mshipi wenyewe. Ukiwa juu ya mhimili wa fimbo, mvuto wake hutafuta njia ya kwenda chini, na kila pete ni wenzo unaousaidia. Pete ikiwa ndefu, wenzo nao ni mrefu. Uti una mchango wake, lakini mbele ya nguvu hiyo ni kama kusukuma gari kwa kidole. Ndiyo maana baadhi ya wajenzi wa fimbo za rili ya juu huzihamisha pete: ya kwanza hukaa juu karibu na rili, zinazofuata huteremka ubavuni kidogo kidogo, na zilizobaki huwa chini mpaka nchani. Mara ya kwanza utadhani mtu alifunga pete akiwa na usingizi. Ukiitia uzito haina pa kupindukia.

Tena huko kuruka kwenyewe mara nyingi husababishwa na ufito kutonyooka sawasawa, kwa hiyo unaweza kusaka uti ukaambulia kibyongo. Mimi siku hizi huutazama ufito kwa jicho moja, kama seremala anavyotazama ubao, nikageuza kibyongo kielekee juu ili uzito wa pete ukilaze. Uti siutafuti tena.

"Pete hupangwa kwa jedwali"

Jedwali ni pa kuanzia. Ile kanuni ya pete moja kwa kila futi na moja ya ziada, yaani pete 8 kwa fimbo ya futi 7, imesaidia wengi, lakini fito mbili za urefu mmoja hazipindi mahali pamoja. Bandika pete kwa utepe, funga mshipi kwenye kitu kizito, pinda fimbo mpaka ifanye upinde mzuri, kisha itazame ubavuni. Mshipi unatakiwa ufuate upinde huo. Ukiona unakata njia ya mkato kati ya pete mbili, au unavunjika pembe kali kwenye pete moja, sogeza pete. Kwenye fimbo ya pete za juu, mshipi usiguse ufito popote.

Na wanaodai pete kubwa kubwa hurusha mbali zaidi wanachanganya pete ya kwanza na nyingine. Mshipi ukitoka kwenye rili inayoning'inia chini hutoka ukiwa umejikunja mizunguko mipana, kwa hiyo pete ya kwanza inahitaji nafasi. Baada ya hapo zipunguzwe haraka. Pete kubwa karibu na ncha ni mzigo mahali pabaya kuliko pote: ncha inachelewa kunyooka, mshipi unapigapiga. Mpaka tu wa udogo ni fundo: kama unaunga mishipi miwili, lazima fundo lipite.

"Bila mashine, usianze"

Boksi la katoni lililokatwa mikato miwili ya V, ufito ukalazwa humo. Uzi unapita katikati ya kurasa za kitabu kinene, na kigurudumu cha uzi kimetulia ndani ya kikombe nyuma ya kitabu. Ukitaka uzi ukaze zaidi, ongeza kitabu cha pili juu. Ndiyo mashine yangu ya fimbo sita za kwanza. Kifaa pekee ambacho ningemshauri mtu akipate mapema ni mota ndogo ya kuzungusha fimbo polepole wakati epoksi inashika, maana kukaa ukiigeuza kwa mkono kila dakika chache kunachosha na kunachusha.

"Uzi ukazwe mpaka uimbe"

Miguu ya pete, yaani sehemu zinazolazwa juu ya ufito na kufungwa uzi, hutoka kiwandani ikiwa na kingo. Kabla ya lolote, piga tupa mguu mpaka uishie mwembamba kama ncha ya ukucha, ukaulainishe kwa msasa, la sivyo uzi utapanda ngazi na kuacha pengo. Halafu unaanza: uzi unazungushwa mara moja, unavuka juu yake wenyewe, mizunguko mitano au sita inaukalia mkia, mkia unakatwa kwa wembe. Unazidi kuviringisha, uzi unapanda mguu wa pete safu kwa safu, kila mzunguko ukigusa mwenzake. Ikibaki kama mizunguko minane unalaza kitanzi cha uzi mwingine, unakizungushia, unakata uzi wako, unaupitisha ncha ndani ya kitanzi na kukivuta. Ncha inazama chini ya uzi na haionekani tena. Huo ndio wakati ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii.

Sasa, uzi ule ukiwa umekazwa kupita kiasi, ukuta mwembamba wa kaboni unabanwa mahali pamoja, na makali ya mguu wa pete yanaukandamiza. Kipimo kizuri ni hiki: baada ya kufunga, pete iwe bado inakubali kusogezwa kidogo kwa kidole gumba ili uilinganishe na wenzake. Epoksi ndiyo itakayoizuia isitembee.

Nyongeza ya haraka kuhusu rangi. Uzi wa nailoni ukinywa epoksi bila kupakwa dawa ya kulinda rangi, hubadilika. Mwekundu unakuwa kama damu iliyoganda. Mweupe unakaribia kupotea kabisa na kuacha mguu wa pete uonekane kama uko chini ya kioo. Haujaharibika. Wapo wanaoutaka hivyo makusudi.

"Ongeza hadina, gundi itakauka upesi"

Ushauri huu niliupokea kwa fundi wa boti, mtu mwenye mikono ya dhahabu, na kwa kazi yake alikuwa sahihi. Utomvu wa poliesta anaoutumia kwenye mashua huamshwa na matone machache ya kichochezi. Ukizidisha kidogo unashika mapema. Epoksi siyo hivyo: ni vimiminika viwili, utomvu na hadina, vinavyochanganywa ndipo vigande. Hadina ya epoksi haichochei kitu, ni nusu ya kitu chenyewe: chembe zake hushikana na chembe za utomvu moja kwa moja, na zitakazokosa mwenzi hubaki hapo zikielea. Nilizidisha kidogo tu. Fimbo ikakaa wiki tatu ikinasa kila kilichoigusa: vumbi, mbu mmoja, alama ya kidole changu ambayo ipo mpaka leo.

Epoksi nyingi za fimbo huchanganywa sawa kwa sawa kwa ujazo. Tumia bomba la sindano, moja la utomvu na lingine la hadina, na usizibadilishe hata siku moja. Koroga taratibu dakika kadhaa huku ukikwangua kuta za kikombe, kisha mimina kwenye karatasi ya foili. Ikitandazwa haijipashi joto kama ikiwa imerundikana, kwa hiyo unapata muda zaidi, na mapovu hupanda na kupasuka yenyewe. Ukitaka kuharakisha, pasha chumba joto. Na ikishakunatia kama yangu, mara nyingi inaokoleka kwa tabaka jingine lililopimwa vizuri, likipakwa juu ya lile la kwanza.

"Kaboni ya namba kubwa ndiyo yenye nguvu"

Namba zinazopigiwa debe kwenye fito huhusu ugumu wa nyuzi, yaani zinavyokataa kupinda. Kuvunjika ni habari nyingine. Nyuzi zikiwa ngumu zaidi mtengenezaji hutumia chache, ukuta unakuwa mwembamba, fimbo inakuwa nyepesi na inayohisi kila kitu. Inahisi pia mkwaruzo. Risasi ya mshipi ikigonga ufito wa namna hiyo inaweza kuacha jeraha lisiloonekana, na fimbo ikavunjika mwezi ujao kwa samaki mdogo, lawama akabebeshwa aliyefunga pete. Faibaglasi ya kawaida ina ugumu wa karibu theluthi moja tu ya kaboni ya kawaida, lakini nyuzi zake huvutika zaidi kabla ya kukatika. Ndiyo sababu husamehe mengi.

Pia, fimbo kuitwa "ya haraka" maana yake inapinda karibu na ncha, basi. Uzito inaoweza kubeba ni kipimo kingine kabisa. Ipo fimbo ya haraka na dhaifu, ipo ya polepole inayonyanyua jabali.

"Mwanzi uliachwa kwa sababu ni dhaifu"

Fimbo bora za mwanzi si mwanzi mzima. Ni vipande sita vilivyochanwa, vikapigwa randa mpaka kila kimoja kikawa pembetatu, vikaunganishwa kwa gundi kuwa kitu kimoja cha pande sita. Nyuzi ngumu ziko karibu na ganda, kwa hiyo randa hufanya kazi pande za ndani. Ganda hukwanguliwa tu. Mwanzi unaopendwa huitwa Tonkin, na wengi huamini unatoka Tonkin, kaskazini ya Vietnam. Unatoka Guangdong, China.

Uliondoka sokoni kwa sababu za siasa na kiwanda. Faibaglasi ilikuwa imeanza kuingia baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1950 Marekani ilipofunga biashara na China watengenezaji wa Kimarekani wakakosa mwanzi. Kisha ikaja kaboni: nyuzi zake imara zilitengenezwa Farnborough, Uingereza, katika miaka ya 1960, na mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikaleta fimbo yake. Kiwanda kinaviringisha fito nyingi kwa siku. Mwenye randa hamalizi hata moja. Fimbo ya mwanzi ni nzito kuliko ya kaboni, sibishi. Dhaifu, hapana.

"Utaokoa fedha"

Hapana. Kiwanda kinanunua pete kwa maelfu, wewe kumi. Unachopata ni mpini unaolingana na mkono wako na fimbo inayolingana na maji yako.

"Gundi ya ncha iwe kali kuliko zote"

Pete ya nchani ndiyo inayoumia kwanza, kwenye mlango wa gari au kwenye mwamba. Ibandike kwa gundi ya kuyeyushwa kwa moto, ile ya vijiti, ili siku ikipinda uipashe kidogo na kuichomoa. Uliyeiweka kwa epoksi utalazimika kuipasha sana, na joto hilo hilo linaweza kuupika ufito.

"Imefunikwa epoksi, umeme haupiti"

Kaboni hupitisha umeme, na ngozi ile nyembamba ya epoksi si kinga. Usiinyanyue chini ya nyaya, na radi ikianza kunguruma ilaze chini uondoke.

"Imekauka, kesho twende majini"

Saa 24 zinatosha kuigusa bila kuacha alama. Hazitoshi kuipinda. Epoksi nyingi huendelea kukomaa kwa siku kadhaa, na ukiikunja mapema inaweza kupasuka nyufa ndogo pale mguu wa pete unapoishia, maji yakapata mlango. Yangu ya sasa iko ukutani, uzi mweupe uliopotea, pete tisa. Leo ni siku ya tatu, na nimeshapita mbele yake mara nne kuibonyeza kwa ukucha.