Kuunda programu kwa mizunguko: yanayodhaniwa na ukweli wake

“Ni mtindo mpya.” Tamko la Agile, yaani la kuunda programu kidogo kidogo na kukubali mabadiliko, lilitolewa mwaka 2001 huko Utah, Marekani, na watu 17, lakini mizunguko mifupi, yaani vipindi vya kazi ambavyo kila kimoja hutoa sehemu ya programu inayofanya kazi, ilitumika tangu mradi wa Mercury wa NASA, miaka ya 1960.

“Hakuna haja ya mpango.” Mpango upo, tena hurudiwa mara kwa mara. Kazi za mzunguko ujao huchambuliwa hadi mwisho. Za mbali hutajwa tu, maana zitabadilika. Kwa mzunguko wa mwezi mmoja, mwongozo wa Scrum, mmoja wa mifumo ya kazi ya Agile, unatoa hadi saa 8 za kupanga, na dakika 15 za kukutana kila siku.

“Mzunguko wa kwanza hifadhidata, wa pili seva, wa tatu skrini.” Dhana hii ndiyo inayoumiza zaidi. Ni utaratibu ule ule wa zamani uliokatwa vipande: mtumiaji hana cha kujaribu hadi mwisho, na kama mahitaji yalieleweka vibaya, tabaka zote zimeshajengwa juu ya kosa hilo. Chukua kipande chembamba kinachopita tabaka zote. Kwenye mfumo wa maktaba, mzunguko wa kwanza umwezeshe mkutubi kuazimisha kitabu kimoja kwa msomaji ambaye tayari amesajiliwa, basi. Ripoti zitasubiri. Lakini usianze na mepesi yote: kama faini zitalipwa kupitia mfumo wa nje ambao timu haijawahi kuunganisha nao, jaribuni muunganisho huo mapema, hata skrini ikiwa haivutii. Ikigundulika mapema kwamba muunganisho hauwezekani, bado kuna muda wa kutafuta njia nyingine.

“Imeisha kwa asilimia 90.” Kazi imeisha au haijaisha. Timu iandike masharti kabla ya kuanza: msimbo umepitiwa na mtu mwingine, majaribio ya kiotomatiki yamefaulu, mabadiliko yameunganishwa kwenye tawi kuu (nakala kuu ya msimbo), na yamewekwa kwenye seva ya majaribio. Likikosekana moja, kazi inarudi kwenye orodha na inahesabiwa sifuri. Hilo la majaribio halina mjadala, kwa sababu kila mzunguko unagusa msimbo wa mizunguko iliyopita. Bila majaribio, kilichofanya kazi jana kinavunjika kimyakimya.

“Muda ukibana, ongeza siku.” Tarehe ibaki palepale, kazi ipunguzwe. Mizunguko yenye urefu tofauti haipimiki.

“Timu ya pointi 40 inaishinda ya pointi 25.” Pointi ni makadirio ya timu yenyewe kuhusu ukubwa wa kazi, hazilinganishwi. Meneja akizilinganisha, makadirio yatavimba na kazi itabaki ile ile. Matumizi yake halali ni utabiri. Mizunguko mitatu ya mwisho ikiwa imetoa pointi 24, 30 na 27, na zimebaki 162, gawanya kwa 30 kisha kwa 24: mwambie mteja mizunguko 6 hadi 7, kisha rudia hesabu kila mzunguko unapofungwa.