Je, Wajua Jinsi Picha ya Barabara Isiyo na Tarehe Inavyoweza Kutaja Mwaka Wake?

Katika nyumba nyingi za Dodoma, kama ilivyo pia Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, haikosi bahasha ya picha za zamani ambazo nyuma yake hapakuandikwa kitu. Waliomo ndani ya picha wanajulikana kwa majina, lakini mwaka hujadiliwa bila kufikiwa mwafaka: shangazi husema ilikuwa kabla mtoto wake wa pili hajazaliwa, baba mdogo husema ilikuwa mwaka ule mvua zilipochelewa. Je, picha iliyopigwa kando ya barabara tu, isiyo na tarehe wala maelezo, inaweza kutaja mwaka wake yenyewe? Inaweza, na mara nyingi kwa usahihi unaoshangaza, ila jibu halipo usoni mwa aliyepigwa picha. Lipo nyuma yake: kwenye ukuta wa duka, kwenye namba ya gari lililokuwa linapita, kwenye jengo lililochomoza juu ya mapaa.

Mtu anapojiandaa kupigwa picha huchagua nguo na mkao, na shati la sikukuu linaweza kuvaliwa miaka mingi, kwa hiyo mavazi hutupotosha kwa urahisi. Ukuta ulioko nyuma haukuandaliwa na yeyote kwa ajili ya picha hiyo, na ndiyo maana ushahidi wake ni wa kuaminika zaidi. Hata hivyo, kila kitu kinachoonekana hutoa mpaka wa upande mmoja tu. Kilichojengwa, kilichoandikwa au kilichoingizwa nchini mwaka fulani hutuambia kwamba picha haikupigwa kabla ya mwaka huo. Kilichobomolewa au kufutwa hutuambia kwamba haikupigwa baada ya hapo. Mipaka ya aina ya kwanza hupatikana kwa wingi. Ya aina ya pili ni adimu, kwa sababu siku ya kuzindua jengo huwekwa jiwe lenye tarehe, lakini siku ya kulibomoa haiandikwi popote.

Tuanze na mbao za ofisi, kwa kuwa ndizo nyepesi kusomeka. Ubao wenye maneno "Jiji la Dodoma" hauwezi kuwa wa kabla ya Aprili 2018, mwezi ambao Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Kabla ya hapo iliandikwa "Manispaa". Ubao wa Wilaya ya Bahi au Wilaya ya Chamwino hauwezi kuwa wa kabla ya 2007, kwa maana wilaya hizo mbili zilizaliwa mwaka huo kutoka iliyokuwa Dodoma Vijijini. Herufi CDA, za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ziliwezekana tangu 1973, mwaka ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, hadi Mei 2017 mamlaka hiyo ilipovunjwa. Bendera nazo zina la kusema. Bendera yenye jembe na nyundo haikuwepo kabla ya Februari 1977, CCM ilipozaliwa, na mlingoti wenye bendera za vyama viwili au vitatu vinavyoshindana unaashiria 1992 au baadaye, mfumo wa vyama vingi ulipokwisha kurejeshwa. Tawi la benki lenye jina la NMB ni la 1997 au baadaye, ilipogawanywa iliyokuwa NBC.

Hazina kubwa kuliko zote kwa watu wa kanda ya kati ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, na tangu wakati huo mabehewa yamepita katika miji ya Kilosa, Dodoma, Manyoni na Tabora yakiwa yamebeba majina ya wenye reli wa kila zama. Behewa lenye herufi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki haliwezi kuwa la kabla ya 1948, shirika hilo lilipoundwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ikaanzisha shirika lake, TRC. Mwaka 2007 ikaja kampuni ya TRL. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu sheria ya mwaka 2017 ilirudisha shirika la umma, nalo likaitwa tena TRC. Anayeziona herufi hizo tatu ubavuni mwa behewa ana vipindi viwili vya kuchagua, kimoja cha miaka 30 na kingine kinachoendelea hadi leo, na itambidi atafute ushahidi mwingine ndani ya picha hiyo hiyo kabla ya kusema lolote. Nyaya za umeme zikionekana juu ya njia ya treni, hiyo si reli ya Mjerumani yenye upana wa mita 1, bali ni reli mpya ya SGR yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Hata chuma cha reli chenyewe kina maandishi: viwanda huchapa ubavuni mwa pao jina la mtengenezaji na mwaka, na picha iliyopigwa karibu inaweza kuyaonyesha. Tahadhari yake ni kwamba pao la zamani linaweza kung'olewa sehemu moja na kutandikwa kwingine, kwa hiyo mwaka huo ni wa chuma, si wa njia wala wa picha.

Kwa picha za miaka ya karibuni, hakuna shahidi anayezidi kuta za maduka zilizopakwa rangi za kampuni za simu. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu majina yamebadilika kwa tarehe zinazojulikana: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na Tigo ikawa Yas Novemba 2024. Kipindi cha Zain ni kifupi mno, na ukuta uliopakwa jina hilo, rangi ikiwa bado mbichi, hutupeleka moja kwa moja kwenye miaka miwili. Lakini neno "mbichi" lina uzito hapo. Kampuni hubadilisha jina kwa siku moja, ilhali duka la kijijini hubaki na rangi ya zamani hadi mvua na jua vimalize kazi yake, kwa hiyo rangi iliyochujuka hutoa mpaka wa chini tu. Namba za simu zilizoandikwa ukutani nazo zisomwe: namba ya mezani ya Dodoma inayoanza na 061 ni ya zamani kuliko ile inayoanza na 026.

Magari huhitaji uangalifu wa namna yake. Mtu hulitambua Land Rover 109 au basi la Isuzu, akakimbilia kutaja muongo ambao gari hilo lilitengenezwa, akasahau kwamba magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yameshatumika kwingine, kisha hutunzwa na mafundi wetu kwa miaka mingi zaidi. Aina ya gari ni ushahidi dhaifu. Namba yake ndiyo yenye nguvu. Katika mfumo wa sasa, herufi tatu za mwisho hutolewa kwa mfuatano, na ndiyo maana madalali na wanunuzi husema "hii ni namba C" au "hii ni namba D", wakimaanisha herufi ya kwanza kati ya hizo tatu. Lugha hiyo ya sokoni ni kalenda kamili. Picha yenye gari la namba D haikupigwa wakati nchi ingali kwenye namba B, hata kama gari lenyewe lilitoka kiwandani miaka mingi kabla. Katika picha yenye magari mengi, kama ile inayopigwa kituo cha daladala, tafuta namba iliyoendelea kuliko zote, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoamua.

Majengo makubwa husaidia kwa kuonekana kutoka mbali. Ukumbi mpya wa Bunge ni wa 2006, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, na Msikiti wa Gaddafi ulifunguliwa 2010, kwa hiyo mandhari ya mji yenye mnara wa msikiti huo haiwezi kudaiwa kuwa ya miaka ya 1990. Ila mimi huvutiwa zaidi na nyumba ambazo hazikuzinduliwa na mtu yeyote, na kati ya hizo ya kwanza ni tembe la Wagogo. Paa lake ni bapa na limefunikwa udongo, kuta zake ni za miti na udongo, na vyumba vyake huzunguka ua ambamo mifugo hulala. Umbo hilo halikuja kwa bahati. Katika nchi ambayo mvua ni chache na huja kwa msimu mmoja wa mwaka, paa la udongo linatosha kuzuia maji, huifanya nyumba kuwa na ubaridi mchana, na juu yake huanikwa mtama na uwele. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupitia Operesheni Dodoma, watu walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari, na kuanzia hapo mabati na mapaa ya mgongo yakazidi kuenea. Picha ya barabara yenye matembe yaliyotawanyika pande zote mbili na bila bati hata moja ina kila dalili ya kuwa ya kabla ya operesheni hiyo. Sisemi ni uthibitisho, kwa maana matembe hayajatoweka yote vijijini. Kutokuwepo kwa bati, kama kutokuwepo kwa bodaboda au bajaji kwenye picha ya mtaa wa mjini, hutia shaka tu na hakuwezi kufunga hoja.

Mwaka ukishapatikana, msimu nao hutafutwa. Mvua za Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Mbuyu usio na jani hata moja na ardhi yenye rangi ya kahawia husema kiangazi, na mbuyu wenye majani mazito husema masika au siku zinazoyafuata kwa karibu. Kivuli huongeza ushahidi ambao wengi hawaufikirii. Dodoma iko takribani digrii 6 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na vivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki huwa kinyume chake. Ukishajua barabara inaelekea wapi, kivuli cha nguzo ya umeme kinakupunguzia nusu ya mwaka.

Tuunganishe sasa kwa mfano mmoja. Mtu amesimama mbele ya duka mjini Dodoma. Ukuta una jina la Zain na rangi inang'aa. Ubao wa jirani unasema "Manispaa". Mbuyu ulio nyuma ya duka hauna jani. Kivuli cha adhuhuri kimeangukia kusini. Kutoka hapo twaweza kusema, bila kumuuliza mtu, kwamba picha ilipigwa wakati wa kiangazi, kabla ya Oktoba kukolea, na kwamba mwaka ni kati ya 2008 na 2010. Shangazi aliyesema ni kabla ya mtoto wa pili sasa ana kitu cha kulinganishia, na mara nyingi kumbukumbu yake huwa sahihi. Ilikosa nanga tu.

Anayetaka kwenda mbele zaidi hurudi mahali picha ilipopigwa na kupiga nyingine. Majengo yanaweza kuwa yamebadilika yote, lakini vilima vya mawe vinavyoizunguka Dodoma havijahama. Chagua kitu kilicho karibu ambacho bado kipo, kama kona ya jengo la zamani la stesheni, na kitu kilicho mbali, kama kilele cha mlima, kisha utazame katika picha ya zamani nafasi iliyopo kati yao. Ukisogea kulia au kushoto, cha karibu huhama haraka kuliko cha mbali. Sogea mpaka nafasi ilingane na ile ya kwenye picha, nawe umesimama kwenye mstari aliosimama mpiga picha wa kwanza. Fanya hivyo na jozi nyingine ya vitu upande wa pili, na pale mistari miwili inapokutana ndipo nyayo zake zilipokuwa. Ni kazi ya dakika 20, na kwangu haina mfano kwa kumfanya mtu aione barabara aliyoizoea kama kitu chenye umri.

Simu zetu zina mitego yake. Tarehe nyekundu kwenye kona ya picha za kamera za mkanda ilitegemea kama mwenye kamera aliiseti saa yake, na wengi hawakuiseti. Picha iliyopita WhatsApp hupoteza maelezo yaliyofichwa ndani yake, na jina la faili linalobaki, lenye tarehe na herufi WA, huonyesha siku ilipotumwa au kupokewa, si siku ilipopigwa. Picha ya 1985 iliyoskaniwa na kutumwa jana hujiita ya jana.

Anayetaka kupiga picha za barabara na majengo leo aombe ruhusa kwa wenye maduka na kwa watu watakaoonekana karibu, aziache kambi za jeshi, Ikulu ya Chamwino na maeneo mengine yaliyowekewa makatazo, na stesheni aingie baada ya kuuliza. Kisha apige yale ambayo hakuna anayeyaona kuwa na thamani: genge la mboga, ubao wa nauli, foleni ya bajaji, ukuta wenye alama ya X, stesheni ya zamani ya reli sasa ambapo abiria wengi wameelekea kwenye ile mpya. Asikate pembeni ili picha ionekane safi, maana pembeni ndiko ubao na namba za magari vinakopatikana. Na usiku huo huo, kabla hajasahau, aandike mstari mmoja wa aina hii: "Duka la kona, mkabala na stesheni ya zamani, Dodoma, nikitazama kaskazini, saa 4 asubuhi, tarehe 12 Juni 2025, mwenye duka ameridhia, kabla ya hapa palikuwa na kinyozi."