Bwana Afya Anafanya Kazi Gani Hasa? Dhana Potofu Kuhusu Afya ya Jamii

Taja afya ya jamii mbele ya watu, wengi watafikiria dirisha la dawa kwenye zahanati, au bwana afya anayeingia mgahawani kukagua jiko. Vyote vimo, ila ni kipande tu cha kazi yenyewe, na kipande hicho kimezaa dhana ambazo hazilingani na ukweli.

Dhana: Afya ya jamii ni matibabu ya serikali kwa wasio na uwezo.

Daktari wa wodini anamshughulikia aliyelala kitandani. Mtu wa afya ya jamii anashughulikia kata nzima, wilaya nzima, wakiwemo wazima ambao hata hawajui kuwa wanashughulikiwa.

Chukua mfano wa Bukoba. Machi 16, 2023, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwa katika kata za Maruku na Kanyangereko kuna ugonjwa usiojulikana: watu 7 wameugua, 5 wamefariki. Machi 21, vipimo vya maabara ya taifa vilitoa jina: Marburg. Ugonjwa huo ni ndugu wa Ebola, na haukuwa na chanjo wala dawa mahsusi iliyoidhinishwa. Hata hivyo Juni 2 mlipuko ulitangazwa kwisha, ukiwa na wagonjwa 9 na vifo 6, na haukutoka nje ya mkoa wa Kagera.

Uliishaje bila dawa? Wagonjwa walitengwa na kupewa huduma ya kuusaidia mwili upambane, jambo ambalo lilihitaji hospitali. Lakini nje ya wodi, watu zaidi ya 200 waliotangamana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu dalili za Marburg huweza kuchelewa hadi siku hiyo ya 21. Mazishi yalifanywa kwa tahadhari, maana mwili wa marehemu bado unaambukiza. Kisha baada ya mgonjwa wa mwisho kupona zikahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili. Anayedai kwamba bila dawa hakuna la kufanya na aanzie hapo.

Dhana: Waliowekwa karantini ni wagonjwa.

Hapana. Karantini ni ya mtu asiyeumwa ila alikuwa karibu na ugonjwa. Anasubiriwa muda upite. Mgonjwa hutengwa. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunakofanya mtu amkimbie jirani aliyekwisha kumaliza siku zake salama.

Dhana: Takwimu za zahanati ni makaratasi ya kumridhisha mkubwa.

Wauguzi wenyewe hulalamika kuhusu vitabu vya MTUHA, vile vya kujazia taarifa za wagonjwa na huduma, na kwa kweli vitabu ni vingi. Lakini mwaka 1988 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipoainisha kazi kuu za afya ya umma ikabaki na tatu: kutathmini hali ya afya ya watu, kutunga sera, na kuhakikisha huduma zinawafikia wanaozihitaji. Tathmini imewekwa mwanzo, na si kwa bahati. Watoto watano wa kuhara wiki hii ni wengi au ni kawaida? Bila rekodi ya wiki zilizopita hakuna awezaye kujibu, hata awe bingwa wa namna gani. Tatizo langu na takwimu zetu ni jingine: mara nyingi hupanda juu mkoani na wizarani bila kumrudia aliyezijaza.

Dhana: Sheria za afya ni za kutoza watu faini.

Faini zipo, na wapo wanaozitumia vibaya. Ila angalia chumvi. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zilijulikana kwa rovu, ile tezi ya shingo inayovimba kwa kukosa madini joto, na upungufu huo ukimpata mama mjamzito huweza kudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Haikutosha kumshawishi kila mpishi abadili mlo wake. Sheria ilimtaka mzalishaji atie madini joto kwenye chumvi, na kinga ikaingia jikoni kupitia kitu ambacho kila nyumba hununua. Sera nzuri mara nyingi humwondolea mwananchi mzigo wa kukumbuka.

Dhana: Elimu ya afya ni mabango na vipeperushi.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wao wenyewe wafanye nini: wachimbe choo, wafyeke majani kuzunguka nyumba, wachemshe maji. Redio ilianzisha mazungumzo, na kikundi ndicho kilichotoka na jembe. Bango lenye picha ya mkono na sabuni, lililobandikwa pasipo na bomba, halina kikundi wala maji.

Dhana: Kumchanja mwanangu au kutomchanja ni shauri langu.

Kwa pepopunda hoja hii ina chembe ya ukweli, kwani haiambukizwi kati ya mtu na mtu. Kwa surua haina. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuambukiza 12 hadi 18. Ndiyo maana hutakiwa takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili isisambae. Chanjo yake ya kwanza hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, kwa hiyo kichanga wa miezi minne anategemea waliochanjwa wanaomzunguka.

Dhana: Yote haya ni ya magonjwa ya mlipuko.

Shinikizo la damu, kisukari na ajali za barabarani vimo vilevile. Helmeti hupunguza hatari ya dereva au abiria wa pikipiki kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Dereva wa bodaboda huenda akawa nayo. Abiria, mara nyingi hana. Akipewa ya dereva anaikataa kwa sababu ina jasho la abiria waliotangulia, na mama aliyetoka kusuka haivai kabisa. Watu hawa si wajinga, wana sababu. Kigali abiria huvaa, kwa kuwa sheria inamtaka dereva awe na helmeti ya pili na trafiki wanaifuatilia. Kwetu mara nyingi tunamhimiza abiria atii, na helmeti ya kumvalisha haipo.