Sensa ya presha ya pawa steringi: kazi yake na namna ya kuipima

Sensa hii ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye pampu ya pawa steringi, inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, au kwenye paipu ya presha kubwa inayotoka kwenye pampu hiyo. Haikusaidii kukata kona. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya injini kwamba pampu imeanza kubeba mzigo.

Pampu huzungushwa na injini kwa mkanda. Ukiwa unakwenda moja kwa moja, presha ya oili huwa ndogo. Lakini jaribu kuegesha kwenye nafasi finyu pale Ngara, Nairobi, gari limesimama na usukani umeukata hadi mwisho: presha inaweza kupita bar 70, na nguvu yote hiyo inatoka kwa injini ambayo wakati huo inazunguka polepole tu. Sensa ikifanya kazi yake, kompyuta huongeza hewa na mafuta kidogo kabla injini haijalemewa. Isipofanya, mzunguko unashuka, gari linatetemeka, na pengine linazima huku matatu nyuma yako inapiga honi. Hitilafu ya kinyume ipo pia: sensa ikikwama upande wa presha kubwa, injini huunguruma juu hata usipogusa usukani.

Kwa hiyo usukani mzito si dalili ya sensa mbovu, na hapo ndipo pesa za watu wengi hupotea. Katika magari mengi ya pampu ya oili, ukiichomoa soketi ya sensa usukani hubaki mwepesi vilevile. Usukani ukiwa mzito, angalia kiwango cha oili, mkanda uliolegea, pampu iliyochoka au raki yenyewe, yaani kifaa kinachogeuza magurudumu. Fundi anayekuuzia sensa ili kuuponya usukani mzito, mwombe kwanza akueleze sensa hiyo inausukuma usukani kwa njia gani.

Kabla ya hayo yote, fungua boneti uhakikishe kama sensa yenyewe ipo. Magari mengi yanayoingia sasa kutoka Japani yana usukani wa mota ya umeme. Hakuna kikopo cha oili wala pampu, kwa hiyo hakuna presha ya kupima. Nazo baadhi ya Toyota za zamani hazikutumia waya hapa. Zina vali ya hewa juu ya pampu, yenye vipaipu viwili vya mpira vinavyoelekea kwenye injini. Vali hiyo ikivuja ndani, injini hunyonya oili ya usukani na kuiunguza, moshi mweupe unafumka nyuma, na mwenye gari anaanza kuambiwa kwamba ringi za pistoni zimekufa. Ukiona moshi pamoja na oili ya usukani inayopungua bila kudondoka chini, chunguza vali hiyo kabla hujakubali injini ifunguliwe.

Gari lenye sensa ya umeme likitiwa mashine ya kusoma hitilafu, kodi (namba za hitilafu) za kutazamia ni P0550 hadi P0554. P0552 ni ishara iliyo chini mno, P0553 iliyo juu mno, na P0554 ni ile inayokuja na kupotea. Kodi hizi huitaja saketi nzima, yaani waya, soketi na sensa kwa pamoja. Mtu akisoma P0550 kisha akakimbilia maduka ya spea ya Kirinyaga Road kununua sensa, amebahatisha tu.

Anza na soketi. Ichomoe utazame ndani: oili ikiwa imejaa humo, sensa imepasuka na inavuja kupitia kwenye pini zake, basi utafutaji umekwisha. Kama ni kavu, fuata waya uone kama umesuguliwa au umeungwa na mtu kwa tepu. Kisha rudisha soketi, acha injini ikinguruma, na muombe mwenye mashine afungue data ya moja kwa moja huku wewe ukikata usukani. Usiushikilie mwisho kabisa zaidi ya sekunde 5 hivi, maana pampu hupata moto. Ishara ikibadilika kila unapokata, sensa ni nzima; mtafute mchawi wa kuzimika kwingineko, kwa mfano throto, yaani mlango wa hewa ya injini, iliyojaa masizi.

Isipobadilika, toa multimita, kipimo cha umeme. Sensa ya waya tatu kwa kawaida hupokea volti 5 kutoka kwa kompyuta, ina waya wa ethi (wa kurudi kwenye hasi ya betri), na wa tatu hurudisha ishara inayopanda kadiri presha inavyopanda. Volti 5 zikikosekana kwenye soketi iliyochomolewa, usinunue sensa. Tatizo liko kwenye waya au kompyuta. Yenye waya mmoja au miwili huwa ni swichi tu: chomoa soketi, pima kama mkondo unapita usukani ukiwa umenyooka, kisha pima tena ukiwa umekatwa. Jibu lisipobadilika, ama swichi imekufa, ama presha yenyewe haipandi. Hili la pili ndilo husahaulika. Pampu dhaifu huifanya sensa nzima ionekane mbovu, na geji ya presha pekee ndiyo itakayoamua. Kama usukani nao ni mzito, mimi ningeanza na geji.

Ukishabadilisha sensa, mfumo utakuwa umeingia hewa. Inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku ukijazia kikopo, mpaka mapovu yaishe. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kifuniko: pampu nyingine hutaka ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), nyingine oili maalumu ya pawa steringi.