Je, wajua kwa nini eabegi, ule mfuko wa gari unaojaa gesi ghafla kumkinga mtu kwenye ajali, ikizeeka huweza kuzidi ukali badala ya kupoa?

Gari la ami yangu, kule Wete, Pemba, halina maisha ya taabu. Ijumaa linampeleka msikitini, akija mgeni linateremka Mkoani kumpokea bandarini, na siku zilizobaki linakaa mbele ya nyumba, vioo vimefungwa, jua likilipiga tangu asubuhi mpaka alasiri. Lilitengenezwa Japani mwaka 2004, likaja huku likiwa limeshatumika, na ami hulisifia kwa jambo moja kuliko yote: halijatembea.

Ndiyo maana nilipomwambia kuwa magari ya aina ile na ya miaka ile yameitwa na kiwanda ili yabadilishwe kifaa cha kujazia eabegi, alinitazama kama niliyemletea bili ya umeme ya jirani.

"Hicho kifaa hakijafanya kazi hata siku moja," alisema. "Kitu hakijatumika, kitaharibikaje?"

Sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, moyoni nilikuwa upande wake.

Gari kuitwa, kwa asiyelijua jambo hili, ni pale kampuni iliyoliunda inapokiri kuna kasoro ya usalama na kuwataka wenye magari wayapeleke kwa wakala yakatengenezwe bila malipo. Mara nyingi ni waya, swichi au bomba fulani, na dunia haina habari. Wito ninaouzungumzia hapa ni mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Ulihusu eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1933 kama kiwanda cha kufuma na kufilisika Juni 2017. Marekani peke yake viliitwa vifaa milioni 67 hivi, na duniani kote karibu milioni 100, ndani ya magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW, Ford na wengineo. Vifo vilivyothibitishwa Marekani vimefika 28, na vyengine vimetokea kwengineko, Malaysia ikiwemo. Katika vingi kati ya vifo hivyo kilichoua si mgongano wenyewe. Ni vipande vya chuma vilivyoruka kutoka kwenye usukani au dashibodi, mara nyengine katika ajali ambayo dereva angeshuka akisugua goti na kuanza kugombana na mwenzake.

Mimi nilikuwa na makosa mawili. La kwanza la kitoto: nilidhani ndani ya usukani kuna hewa iliyoshindiliwa, mfano wa mtungi mdogo unaosubiri kufunguliwa. Hakuna hewa. Kuna kikopo cha chuma, kwa upande wa dereva kiasi cha kopo la jodari, na ndani yake vidonge vya baruti. Gari likigonga, kitambuzi hutuma umeme, vidonge huwaka, gesi yake hutoka kwa vitundu na kuujaza mfuko ndani ya sehemu 30 hadi 50 za elfu moja ya sekunde. Kupepesa jicho ni uvivu ukilinganisha. Kwa hiyo kila anayeendesha gari lenye eabegi ameketi mbele ya fataki, na kwa kawaida fataki hiyo ni rafiki yake.

Kosa la pili ndilo lililonishika hasa: kwamba kitu kikizeeka kinapoa. Betri ikizeeka haiwashi. Breki zikizeeka hazishiki. Springi inalegea, taa inafifia, honi inabakia kukohoa. Basi niliposoma kuwa ndani mna baruti, na kuwa maadui zake ni unyevu na umri, nikajijibu upesi: itashindwa kuwaka. Na ushahidi nilikuwa nao. Mwaka mmoja utotoni tuliweka fataki za sikukuu chini ya kitanda cha bibi, masika yale sakafu ikatoa jasho, na Idi ilipofika zikatoa moshi na sauti ya mtu anayepenga kamasi. Baruti iliyoroa haiwaki. Kila mtoto wa Ng'ambo ya Unguja anajua. Kwa hiyo nilimtuliza ami: ubaya wa mwisho, eabegi haitofunguka, na mkanda unao.

Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kutoa bila kulipwa.

Tatizo la hoja yangu ni kwamba fataki zetu zilikuwa zimeroa wakati ule ule tunaziwasha. Vidonge vya eabegi haviroi namna ile. Unyevu unajipenyeza kidogo kidogo ndani ya kikopo, joto linausukuma huku na kule, usiku unapoa, mchana unachemka, na hivyo hivyo miaka kumi, kumi na tano. Siku ya ajali vidonge huweza kuwa vikavu kabisa. Maji yameshaondoka, yameacha jeraha tu.

Chukua kashata. Kashata ya leo imekazana, ukiigonga mezani inalia kama jiwe. Itie kwenye kopo lisilofunga vizuri, uiache masika nzima. Usiku sukari inavuta unyevu na kunata, mchana inakauka, kesho tena. Baada ya wiki kadhaa umbo ni lile lile, uzito karibu ule ule, lakini ukiibana kwa vidole inavunjika punje punje. Ndani imejaa vijinjia ambavyo hukuviona vikichimbwa.

Sasa, kwa nini vijinjia viwe hatari? Kwa sababu baruti ngumu huungua juu ya uso wake tu, safu moja baada ya nyengine, kutoka nje kwenda ndani. Gogo la mkarafuu jikoni utalipikia mpaka usiku. Lichonge likawa mabanzi membamba, uzito ule ule, mti ule ule, kisha uyawashe yote: moto unaruka hadi kwenye makuti na kwisha kabla chai haijachemka. Hukuongeza kuni hata kidogo. Uliongeza sehemu za kushika moto. Kidonge kizima ni gogo, na mhandisi alipiga hesabu zake zote akitegemea mwendo wa gogo. Kidonge kilichotoboka ndani kwa ndani ni mabanzi yaliyovaa ngozi ya gogo.

Hapo jambo linaanza kujichochea lenyewe. Gesi inazaliwa kwa wingi kuliko vitundu vinavyoweza kuitoa, kwa hiyo presha ndani ya kikopo inapanda. Na baruti ya namna hii kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyozidi kasi ya kuungua. Ni kama sufuria ya presha iliyoziba filimbi, juu ya jiko linaloongeza moto kila mvuke unapozidi. Mwisho wake chuma cha kikopo kinapasuka, na mfuko wa kitambaa uliotengenezwa kupokea uso wa mtu hauwezi kuzuia vipande vyake. Eabegi haikushindwa kufunguka. Ilifunguka kupita kiasi.

Kemikali yenyewe ni amonia naitreti, ile ile ya kwenye mbolea, na ndiyo iliyolipuka bandarini Beirut Agosti 2020. Takata walianza kuitumia karibu na mwaka 2000 kwa kuwa ni rahisi kwa bei na hutoa gesi nyingi na masizi machache. Lakini inapenda maji kupita kiasi. Aliyewahi kuacha gunia la mbolea wazi ameona linavyogeuka tofali. Tena fuwele zake hubadili mpangilio karibu na nyuzi joto 32, na zikibadilika hujitanua, zikipoa hurudi. Nilipoisoma namba hiyo niliinua macho kutazama kalenda: 32 ni mchana wa Januari Unguja, kaskazi ikiwa imetulia. Nikaona nimeshapata jibu zima. Sikuwa nimelipata. Takata walichanganya kemikali nyengine makusudi ili kuituliza tabia hiyo, kwa hiyo nyuzi 32 peke yake haistahili kubebeshwa lawama yote. Kilichobaki baada ya uchunguzi ni mambo matatu yakikutana: unyevu, joto linalopanda na kushuka, na miaka mingi.

Na hapa kilomita hazimo. Kikopo hakihesabu safari. Kinahesabu mchana na usiku. Ndani ya gari lililofungwa juani dashibodi huweza kupita nyuzi 60, kisha usiku ikarudi kwenye 25, liwe limekwenda Chake Chake au limelala. Sifa kuu ya gari la ami haikuwa na uzito wowote kwa kikopo, na kukaa kwake juani kulikuwa kunahesabiwa kila siku.

Marekani walilijua hili mapema: walipoanza kuyaita magari kwa maeneo mwaka 2014, walianza na Florida, Hawaii, Puerto Rico na visiwa jirani. Waliwatanguliza wenye joto na unyevu wa bahari. Zanzibar haimo kwenye orodha ile kwa sababu orodha ni ya Marekani, si kwa sababu hewa ya Pemba ni kavu. Hata hivyo tusilivukishe jambo mipaka yake. Si kila gari la Kijapani lina kikopo cha Takata, baadhi ya vikopo vyao viliwekewa dawa ya kunyonya unyevu, na hata katika vile vilivyoitwa, vilivyo vingi vikifyatuka hufanya kazi kama vilivyokusudiwa. Gari lililokaa miaka kumi kaskazini mwa Japani kabla ya kupandishwa meli nalo halina umri sawa na lililozaliwa na kukulia kwenye joto, ijapokuwa kadi zao zina mwaka mmoja. Shida ni kwamba huwezi kuvijua vibaya kwa kuvitazama.

Ami alikuwa na hoja moja zaidi: taa ya eabegi kwenye dashibodi huwaka akiwasha gari, kisha huzima, basi ni nzima. Taa ile huangalia umeme: waya, kitambuzi, kiunganishi. Haina njia ya kuonja vidonge. Ni mlinzi anayehakikisha mlango umefungwa bila kujua kilichomo ndani.

Mbona hakuna aliyemwandikia barua? Barua ziliandikwa, ila zilikwenda kwa aliyesajiliwa kulimiliki gari Japani. Gari likifutwa usajili kule ili lisafirishwe, uzi unakatika. Wajapani kwa upande wao walikaza: tangu Mei 2018 magari yenye vikopo vya hatari zaidi ambavyo havijabadilishwa hayapiti ukaguzi wao wa lazima. Gari linalokwenda ng'ambo halihitaji kupita ukaguzi huo. Simaanishi kuwa tuliletewa makusudi. Mengi yalikuja kabla ya hapo, na mengine yalishatengenezwa. Ila barua haipandi boti ya Pemba.

Mwenye gari anayetaka kujua atahitaji namba ya chesisi. Ipo kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti. Nilianza kwa ukurasa wa Kimarekani, ukaikataa moja kwa moja, kwa sababu wao wanataka tarakimu na herufi 17, na magari yaliyouzwa Japani kwenyewe yana namba fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, halafu namba ya gari lenyewe. Kumbe kampuni za magari zina kurasa zao za Kijapani zinazoipokea namba hiyo hiyo. Nilikaa barazani, simu moja ikiwa na ukurasa, nyengine ikinitafsiria kwa kamera, ami akinisomea kibati tarakimu moja moja kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka. Jibu likaja: gari limo, upande wa abiria wa mbele, halijatengenezwa.

Fundi mmoja jirani alijitolea kuing'oa eabegi nzima kwa bisibisi, au atuletee nyengine kutoka gari lililovunjwa. Ya kwanza ni kuchezea fataki yenye waya. Ya pili ni kununua kikopo cha umri ule ule kilichoivia kwenye jua lile lile. Wakala wa kampuni iliyoliunda gari, bara, aliomba picha ya kadi na ya kibati, akasema kifaa kitaagizwa, na kwamba mpaka kitakapofika kiti cha kushoto mbele asikalie mtu.

Kwa hiyo mke wa ami sasa anakaa nyuma. Anasema hakuwahi kuendeshwa hivi tangu harusini. Ami ndiye aliyekosa raha: akipita sokoni Wete, yeye mbele peke yake na bibi nyuma na mkoba wake, watu wanampungia mkono. Juzi kasimamishwa mara mbili na abiria wanaoulizia Chake ni shilingi ngapi.